Mzee Ludger na Maji Yake Safi

Pale kijijini Sainte-Zélie, mto Chaudière ukianza kupanda, watu wenye akili hukimbilia kuziba milango kwa mifuko ya mchanga. Ludger Quirion alikuwa akienda kufungua bomba.

Alifungua bomba la manispaa, akaupitisha mpira wa bustani kwenye dirisha dogo la chini, akakijaza maji safi chumba chote kilichokuwa chini ya nyumba yake mpaka yakafika kifuani mwa mtu mzima. Kisha alipanda juu, akaketi barazani na kikombe cha kahawa, akausubiri mto kama mtu anayemsubiri mgeni asiyempenda baada ya kuficha viti vyote.

"Unaizamisha nyumba yako mwenyewe, shemeji!" Philibert Grondin, kaka wa mkewe, alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Mto wenyewe bado haujafika!"

"Naunyima raha," Ludger alijibu. "Ukifika ukute kazi imeshafanywa."

Mchezo huo waliucheza kila mafuriko, kwa maneno yale yale, na wote wawili walicheka kana kwamba ni mapya.

Ludger hakuwa mwendawazimu. Njia hiyo aliirithi kwa baba yake, na ilikuwa na maana. Mto ukipanda, udongo unaoizunguka nyumba hulowa ukawa mzito, ukaanza kuusukuma ukuta wa chini kwa nguvu ambayo hakuna saruji ya mwaka 1949 inayoiweza. Lakini ndani kukiwa na maji nayo yanasukuma, ukuta hubaki katikati, umesimama. Tena yakiwa maji safi ya bomba, matope ya mto hayapati nafasi.

"Ukuta ni mlevi," alizoea kueleza. "Nje kuna mlevi mwenzake anamwegemea. Ukitaka asianguke, mwekee mlevi wa tatu upande wa ndani. Hapo watatu wote watasimama mpaka kesho."

Na kulikuwa na sehemu ya pili, ambayo aliisema akiwa ameinua kidole: "Kuyatoa ndiyo kazi. Usiguse pampu mpaka mto umetoka uani na udongo umepungua maji. Halafu futi moja kwa siku. Moja! Mwenye haraka ataokota ukuta wake sakafuni."

Aliyasema hayo kwa miaka arobaini. Aliyasema kinyozini, aliyasema mlangoni mwa kanisa, aliyasema kwenye foleni ya benki. Siku alipozikwa padri wa zamani, Ludger alimshika mkono mchimba kaburi akamweleza habari za udongo uliolowa, huku jeneza likisubiri. Na alikuwa sahihi, hilo lazima lisemwe. Mtaa wa Chini ulikuwa na nyumba tisa zilizosimama kwa sababu wenyewe walimsikiliza. Lakini kuna watu ambao kuwa sahihi huwaharibu kuliko kukosea, na Ludger alikuwa mmoja wao. Aligeuza jambo la kweli kuwa kofia yake, akaivaa hata mezani.

Alizaliwa katika nyumba hiyo. Alinoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao kwa miaka arobaini na mmoja, na misumeno ikamlipa kwa kuuchukua usikivu wa sikio lake la kushoto. Mezani alikaa sikio hilo likiwa limeelekea upande wa mkewe, Alphéda. Alisema ni bahati mbaya tu ya mpangilio wa viti. Binti yao aliyeishi Montreal alipiga simu kila Jumapili kuwasihi wahame, na simu hiyo nayo aliipokea kwa sikio la kushoto.

Wakati wa ujana wao, mto ulikuja mara moja kwa mwaka, tena si kila mwaka. Ulikuja mwezi wa Aprili pamoja na barafu. Watu walisimama darajani na chupa za bia, wakawekeana dau ni saa ngapi barafu itavunjika, na aliyeshinda alilewa kwa gharama ya aliyeshindwa. Mafuriko yalikuwa sikukuu kati ya Pasaka na kupanda viazi. Kisha miaka ikabadilika. Mto ulikuja Januari kwa mvua, mahali ambapo Januari haikuwahi kunyesha chochote isipokuwa theluji. Ulikuja Desemba, wiki ya Krismasi. Ulikuja Julai. Katika miaka kumi na mmoja ya mwisho uliingia Mtaa wa Chini mara kumi na tatu. Meya alisema ni tabianchi. Padri mpya alisema ni mtihani. Ludger alisema kwamba wote wawili wanaishi mlimani.

Nusu ya mtaa ilikuwa imeshabomolewa. Palipokuwa na nyumba palibaki majani yaliyokatwa vizuri na manispaa, na hapa na pale ngazi tatu za saruji zinazopanda kuelekea hewani. Ndivyo kanuni ya serikali ilivyotaka. Baada ya kila mafuriko alikuja mkaguzi. Hasara ikizidi nusu ya thamani ya nyumba, mwenyewe alilipwa bei nzima, akaondoka, nyumba ikavunjwa. Isipozidi nusu, alikuwa na haki ya kubaki, na serikali ilisaidia kuiinua nyumba kwa jeki na kuikalisha juu ya nguzo ndefu.

Kanuni ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba ilitegemea watu wa Sainte-Zélie kusema kweli.

Julai ya mwaka ninaousimulia mvua ilinyesha siku mbili mfululizo na mto ukaingia Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani. Ludger alikuwa ameshajaza chumba chake. Maji ya mto yalipanda mpaka sakafu ya jikoni, yakakaa kina cha kidole kwa saa nne, yakashuka. Jumatatu mto ulitoka barabarani. Jumatatu hiyo hiyo ujumbe ukaja: mkaguzi atapita Alhamisi.

Jumanne saa mbili asubuhi, Ludger alitoka akiburura mpira mnene wa pampu kuelekea barabarani, akakutana na shemeji yake. Philibert alikuwa amebeba ndoo mbili za tope zito la mtoni, na alikuwa akielekea nyumbani kwake. Alikuwa anayaingiza.

Walitazamana.

"Unafanya nini na hilo tope?" Ludger aliuliza.

"Napamba sebule. Na wewe pampu hiyo ya nini? Juzi tu ulikuwa unamhubiria jirani yako bibi Zénaïde, futi moja kwa siku, futi moja kwa siku."

"Naangalia kama inafanya kazi."

"Aha." Philibert alitua ndoo. "Shemeji, tuambiane ukweli, hapa hakuna padri. Mimi nataka wanihesabie nyingi, niondoke. Kuna fleti pale mlimani ina dirisha linaloona mpaka Marekani. Wewe unataka wakuhesabie kidogo, ubaki na vyura wako. Sawa?"

"Mimi nataka mkaguzi akute chumba kikavu. Akikuta maji hatauliza ni ya bomba au ya mto. Ataandika 'kimejaa' na kunifukuza."

"Basi tusaidiane. Maji yako nipe mimi, ukavu wangu chukua wewe."

"Pumbavu."

"Mungu akubariki pia," alisema Philibert, akaokota ndoo zake.

Wanaume wawili wazima, Wakristo waliobatizwa kwenye beseni moja, walikuwa wakiidanganya serikali moja asubuhi moja, mmoja akitoa na mwingine akiingiza. Kila mmoja alimwona mwenzake mshenzi.

Ludger aliwasha pampu, na ya pili aliyoazima kwa zimamoto. Alphéda alitoka barazani akikausha mikono kwa aproni.

"Udongo bado umelowa, Ludger. Nimekanyaga uani, kiatu kimebaki."

"Nimeuangalia."

"Si wewe unayesema futi moja kwa siku?"

"Hiyo ni kwa watu ambao hawajui kusoma udongo."

Alphéda alimtazama kidogo, kisha akarudi ndani. Ludger aliyaona macho yale, akaamua kwamba hayakuwa na maana yoyote.

Kufikia saa sita mchana chumba kilikuwa kikavu. Aliteremka na ufagio, akafagia, akapaka chokaa mahali palipoonyesha alama ya maji. Alipanda kula akiwa ameridhika na nafsi yake. Alikuwa amechukua kipande cha pili cha pai ya nyama ya nguruwe, akinyoosha mkono kufikia achari ya bitiruti, nyumba ilipoguna.

Hakuna neno jingine. Iliguna kama mtu anayeinuka kitini. Kisha mlio ukaja kutoka chini, mzito, mrefu, na sakafu ya jikoni ikainama upande wa mto, polepole, kiasi kwamba bakuli la achari liliteleza lenyewe mpaka kwenye kiwiko cha Ludger na kusimama hapo.

Alitukana kwa vyombo vyote vya altare, kimoja kimoja, kama tutukanavyo sote huku, akaanzia kikombe akaishia na kibweta cha ekaristi. Alphéda alimalizia kutafuna.

"Umeokota ukuta wako sakafuni," alisema.

Ukuta wa mashariki ulikuwa umelala ndani, urefu wake wote, na udongo mwekundu ulikuwa unaufuata ukiteleza juu yake bila haraka.

Ndani ya nusu saa mtaa mzima ulikuwa uani. Philibert alimkumbatia hadharani.

"Umeshinda bahati nasibu! Ukuta mzima! Mimi nabeba ndoo tangu jana mgongo umekufa, wewe unakaa mezani unakula pai, wanakuletea nusu ya thamani ya nyumba mpaka mlangoni!"

"Niache."

"Sema tu ni mto. Neno moja. Mto uliusukuma. Nani atabisha, mto?"

Bibi Zénaïde Lessard, jirani wa upande wa chini, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa ameegemea fimbo yake akichungulia shimo. Chumba chake mwenyewe kilikuwa bado kimejaa maji safi, kama alivyofundishwa. "Ludger, mwanangu," aliuliza, "hukutoa maji mapema, sivyo?"

Mtaa mzima ulimgeukia.

"Mto huu wa kiangazi ni mwingine," Ludger alisema. "Unasukuma vingine."

Halikuwa jibu, lakini lilisemwa na mtu aliyekuwa sahihi kwa miaka arobaini, na likapokelewa kama jibu. Ludger alikuwa tayari kuipoteza nyumba aliyozaliwa kuliko kusikia kinyozini kwamba Ludger Quirion alipiga pampu siku ya pili. Majivuno yana bei yake, na mara nyingi mwenye nayo hailipi peke yake.



Alhamisi mkaguzi alifika, mhandisi wa miaka thelathini hivi aliyeitwa Maëlle Doiron, mwenye buti za mpira, kofia ngumu na kompyuta ndogo ya mkononi. Aliingia kwanza kwa Philibert na alitoka baada ya dakika kumi.

"Mzee Grondin," alisema pale mlangoni, kwa upole, "tope lililoingia kwenye droo ya tatu ya kabati lilipitaje la kwanza na la pili bila kuzigusa?"

"Mto ni mjanja, binti."

"Na soksi za humo zimekunjwa vizuri."

Watu walicheka mpaka bibi Zénaïde akakohoa. Philibert naye alicheka, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Kisha Maëlle akavuka barabara mpaka kwa Ludger. Aliuzunguka ukuta, akaushika udongo, akapiga picha. Mtaa ulimfuata nyuma kama msafara wa sherehe ya kanisa. Ludger alisimama karibu na shimo, mikono mfukoni. Alphéda aliketi juu ya kizingiti.

"Nimesikia habari zako, mzee," Maëlle alisema. "Hata ofisini wanakutaja. Mzee wa maji safi. Mlikuwa mmejaza?"

"Mpaka kifuani."

"Na ukuta ukaanguka hata hivyo?"

Hapo ndipo palipokuwa na neno moja la kusema. Philibert alilisema kimya kimya kwa midomo, *mto*, akikodoa macho.

"Ukaanguka," Ludger alisema.

Mhandisi aliandika. "Inasikitisha. Tulikuwa tunafikiri kuipendekeza njia hii kwenye vijiji vya juu. Kama imeshindwa kwako, uliyeifanya maisha yako yote, basi siwezi. Nitaandika kwamba maji safi hayakuulinda ukuta."

"Ah, basi," bibi Zénaïde alisema nyuma. "Kumbe bure. Philibert, utaniazima pampu? Nitoe maji yangu yote jioni hii hii, nichoke mara moja."

"Chukua, bibi. Chukua na mpira."

Ludger aligeuka akamtazama yule bibi na fimbo yake. Aliiona pampu ikinguruma, na Zénaïde akiteremka ngazi zake kuangalia kama sakafu imekauka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuteremka kuangalia. Aliuona ukuta wa mashariki wa bibi huyo ukimlalia humo chini.

"Usiguse maji yako," alisema.

"Eti nini?"

"Nimesema usiguse! Njia haijashindwa!" Alipiga kelele sasa, uso mwekundu. "Nilitoa mimi! Jumanne! Yote kwa asubuhi moja, kwa pampu mbili, udongo ukiwa uji! Mto haukunifanya kitu. Mto ulikuwa umeshaondoka zake. Ni mimi, na kila anayejua kusoma udongo angejua, na mimi nilijua!"

Hakuna aliyecheka. Kwa Ludger hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Futi moja kwa siku, bibi," alimalizia kwa sauti ndogo. "Uanze Jumamosi. Si kabla."

"Jumamosi," Zénaïde alikubali. "Ungesema tangu Jumanne, mjinga wewe, ningekuletea keki ya pole."

Maëlle alifuta alichoandika. Alieleza taratibu, kila mtu akisikia. Ukuta ulioangushwa na mwenyewe hauhesabiwi kuwa hasara ya mto. Bila ukuta, hasara ya mzee Quirion haikufika hata robo. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kubaki, ukuta aujenge kwa fedha yake, na serikali ingesaidia kuiinua nyumba. Au, kwa kuwa mtaa wote umo katika eneo la hatari na nyumba yake imepoteza ukuta, angeweza kuondoka kwa hiari na kulipwa bei ya nyumba, ukitoa gharama ya ukuta.

Ludger alisikia neno moja tu. Kubaki. Alikuwa amejivua nguo mbele ya mtaa mzima, na chini yake amekuta nyumba yake.

"Basi tunabaki," alisema. "Andika. Na kuinua sihitaji, hela yao wabaki nayo. Njia yangu hainigharimu senti."

"Haimgharimu nani?" Alphéda aliuliza kutoka kizingitini.

"Sisi. Maji ya bomba, basi."

"Na friza? Friza hupanda ghorofani yenyewe? Mashine ya kufulia ina miguu? Chupa mia mbili za achari, na nyanya, na nyama, na sanduku la albamu, na vifaa vyako vya kunolea ambavyo hujavigusa tangu ustaafu lakini lazima vipande kwanza? Vinapandaje, Ludger?"

"Tunavipandisha."

"Wewe unashika mpira." Hakupandisha sauti. "Friza na mashine anakuja Philibert mnabeba, mnapewa bia. Vilivyobaki ni ngazi kumi na tatu kutoka chini mpaka jikoni, na kumi na nne kutoka jikoni mpaka juu. Nimewahi kuhesabu. Ni safari mia na kumi kupandisha, mia na kumi kuteremsha. Zamani ilikuwa mara moja baada ya miaka mitatu, minne, nikiwa na magoti ya msichana. Mwaka jana ilikuwa Januari na Julai na Desemba." Akamgeukia mhandisi. "Mwanangu, hicho kitabu chako cha umeme kinapima gharama na faida, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Kina mstari wa magoti?"

Maëlle alitazama kioo chake. "Kina jengo, samani, siku za kazi zilizopotea, usafi wa baada ya maji. Magoti hakuna."

"Basi ndiyo maana mume wangu anapata sifuri kila akipiga hesabu."

"Ungesema," Ludger alisema.

"Nilisema. Upande huu." Alijigusa sikio la kushoto.

Watu walianza kutazama viatu vyao. Philibert peke yake ndiye aliyetaka kujua mwisho. "Unataka kuhama, dada?"

"Mimi nataka akae anapopenda. Nyumba ni ya baba yake. Vitu vyote viko juu sasa hivi. Chini hakuna ukuta, kwa hiyo aviteremshe mpaka hapa uani vipate hewa, atavipandisha baadaye. Mia na kumi tu. Friza na mashine nampa bure. Akimaliza, tunabaki, na nitanyamaza mpaka nife." Alimwangalia mhandisi. "Una haraka?"

"Nina saa moja, mama."

"Keti. Nitatengeneza kahawa. Hapana, ngoja. Philibert, katengeneze kahawa."

Ludger alicheka. Alikuwa mtu aliyebeba magogo ujanani. Alivua koti, akapanda, akateremka na kreti ya chupa nane akiimba. Akapanda tena. Mara ya tano aliacha kuimba. Mara ya tisa alianza kushika ukuta wakati wa kugeuka. Ngazi za juu zilikuwa nyembamba, kona yake ilimtaka mtu anyanyue kreti juu ya bega na kuinama hapo hapo, na alishangaa kwamba katika nyumba aliyozaliwa kulikuwa na kona ambayo mwili wake hauijui. Ukutani, usawa wa kiuno, rangi ilikuwa imechubuka kwa mstari mrefu, pale mtu mfupi kuliko yeye alipokuwa akijiegemeza kila safari. Alikuwa ameipaka rangi mara sita sehemu ile, akinung'unika kwamba rangi ya siku hizi haina nguvu.

Mara ya kumi na saba goti lake la kulia lilitoa mlio. Mara ya ishirini na mbili aliteremka na sanduku la vifaa vyake vya kunolea, akafika ngazi ya nne kutoka chini, akaketi. Alikaa hapo na sanduku mapajani. Kutoka barazani aliwasikia wakinywa kahawa.

"Amefika ngapi?" Philibert aliuliza.

"Ishirini na mbili," Alphéda alijibu bila kugeuka.

"Mimi nilisema ishirini na tano. Bibi Zénaïde, umenila dola tano."

Kama Ludger alikuwa akiomba, mimi sijui. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mahali pa kulaumu na kukuta kila mahali pameshachukuliwa na yeye. Hatimaye aliinuka, akashika ukuta, akachechemea mpaka barazani.

"Wapi panasainiwa?"

"Kubaki au kuondoka, mzee?" Maëlle aliuliza.

"Kuondoka. Ukitoa ukuta."

"Uko radhi? Ni fedha nyingi, huo ukuta."

"Ni yangu," alisema. "Niliuangusha mimi."

Alphéda alilichungulia jina la mumewe kwenye kioo, kisha akaweka lake chini yake, kwa mwandiko mkubwa. Hakumshukuru. Hapakuwa na cha kushukuru. Mtu aliyerudisha alichokichukua hapigiwi makofi. Lakini alimsogezea kikombe chake mwenyewe cha kahawa, na Ludger akakinywa ingawa hakikuwa na sukari.

Nyumba ilivunjwa Oktoba, kwa asubuhi moja. Philibert alinyimwa fleti ya dirisha la kuona Marekani, kwa sababu mkaguzi alimhesabia hasara halali tu, nayo ilikuwa mazulia mawili. Mpaka leo yuko Mtaa wa Chini, nyumba yake juu ya nguzo kama kuku anayeogopa umande, na bibi Zénaïde, ambaye ukuta wake umesimama, humpungia fimbo kutoka chini na kumuuliza kama hewa huko juu inapumulika.

Fleti waliyohamia Alphéda na Ludger iko mlimani, nyuma ya kanisa. Kulikuwa na nafasi ghorofa ya tatu yenye roshani, na nyingine chini kabisa, ambayo mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye majani. Alphéda hakwenda kuiona ya juu. Siku ya kuhama alipanda kwenye kiti cha mbele cha lori akiwa na mkoba wake tu mapajani, na wala hakugeuka kuona nani amebeba nini.

Jioni, Ludger alipomaliza kuingiza vitu, alisimama mlangoni akiangalia bonde lote, mto ukiwa kamba ya kijivu huko mbali. Kwa mazoea alikuwa ameshaangalia bomba liko wapi.

"Na maji yakifika mpaka huku?" aliuliza.

"Yakifika huku, Ludger, askofu atakuwa anaogelea na mimi nitakuwa nimekaa nikimwangalia," Alphéda alisema kutoka ndani. "Leta kiti."